Mawe ya Laga

Kakuma, Jumanne usiku

Mume wangu, mwalimu wangu mzuri wa bayolojia, leo alipeleka darasa kwenye laga, ule mto wetu uliokauka, kutafuta viumbe waishio chini ya mawe. Akainua jiwe kwa kushika ukingo wa karibu naye, na nyoka akapita juu ya kiatu chake!

"Mwalimu, huko kwenu Bungoma nyoka hufunguliwa mlango?" wanafunzi wakamtania.

Sisi Waturkana hushika ukingo wa mbali, tukavuta jiwe kwetu litukinge, mnyama akimbilie mbele.

Jioni nilimfundisha kwa mafiga yangu.

"Mpenzi, haya ni mawe ya ugali!" Akacheka, akanibusu, nikayeyuka.

Kesho wanarudi kule. Ndoa yetu haijatimiza hata mwezi. Na lile figa la mwisho alilishika tena kwa ukingo wa karibu naye.