Samli ya Kondoa

Jumanne jioni, Dodoma.

Na samli yenyewe haipendi! Tangu mwanzo haipendi, lakini mwanangu Rehema anaila kwa ajili ya baba yake.

Leo daktari amenisomea majibu ya vipimo kutoka hospitali ya India. Mwanzoni walisema damu ya Rehema na ya baba yake zinapatana, ila Rehema ni mwembamba, na kipande cha ini watakachomkata wampandikizie baba yake huenda kisitoshe mwili mkubwa kama wa Baba Rehema. Mimi na mama mkwe tukaelewa tulivyoelewa: mtoto anenepeshwe. Samli ikawa inakuja na basi kutoka Kondoa. Maziwa, uji wa karanga, supu, utadhani amejifungua.

"Mama, ini halikui kwa kula," daktari amesema. "Sasa limeingia mafuta. Wakimkata, mzee hatapona, na binti ataumia."

Nikauliza, je, akikonda? Akasema mafuta yatapungua, ila udogo utabaki pale pale. Halafu akaanza kufuta miwani yake. Anajua hatuna mtu mwingine, maana damu ya kaka yake Rehema ilikataa.

Nimkasirikie nani? Mama mkwe alituma samli, mimi nikapika.

Njiani nilipanga maneno ya kuwaambia. Nimefika, Baba Rehema amelala kwenye kochi, macho ya manjano. Rehema yuko mezani na wali unaong'aa samli, anameza tonge la mwisho huku amekunja uso. Aliponiona akaisogeza sahani tupu.

"Shikamoo mama. Niongezee kidogo."

Nikamwongezea.