Pedali za Lavender

Tarasaa,
Kupitia Garsen,
Kaunti ya Tana River.
17 Agosti 2025

Mpendwa kaka Changawa,

Pokea salamu zetu sote wa hapa nyumbani. Habari za Doha, na habari za duka lenu la baiskeli? Tunasikia joto la huko linalipita la kwetu, nikashangaa, maana sikudhani lipo la kulipita. Kile kikohozi kimepoa? Mama anakuombea kila asubuhi kabla hajaenda shambani. Yeye ni mzima. Baba naye mzima, ila goti linamsumbua akikaa sana.

Mahindi yamekomaa, na nyani wa mtoni nao wamejua. Tunashinda tukiwafukuza.

Nimekuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu siwezi kusema. Nikikupigia, mdogo wetu Lavender huwa ubavuni kwangu akingoja zamu yake. Jirani yetu Nuhu anarudi huko kazini wiki hii, amekubali kubeba bahasha.

Kaka, nina wivu. Afadhali uyasikie kwangu kuliko kwa watu. Mimi ndiye niliyemfundisha Lavender kupanda baiskeli, nikimshikia kiti kutoka dukani hadi kanisani. Ulipotuma zile pedali za kubana kiatu, pamoja na viatu vyake, boksi nililifungua mimi. Nikaona jina si langu. Nilicheka na kupiga makofi kama wengine, kisha nikaenda kuchota maji na mapipa yamejaa.

Zake zinaingia rahisi, we! Zinabana pande zote mbili. Akikanyaga vyovyote vile, tak, kiatu kimeshika. Kile chuma cha chini ya kiatu ni kidogo, kimezama ndani ya soli, kwa hiyo akishuka anatembea kama amevaa raba. Mimi zangu nilizipata Malindi, za mtumba. Zinabana upande mmoja tu, na springi yake ni ngumu kama mtego wa panya.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na mbio za wasichana, kutoka hapa hadi Minjila na kurudi. Filimbi ilipolia, Lavender alikanyaga mara moja akaenda zake. Mimi nimeinama, natafuta upande wa pedali, kiatu kinateleza, pedali inageuka na kunichuna muundi. Nilipofaulu kubana, migongo yao ilikuwa mbali.

Niliwafukuza. Miguu yangu unaijua. Kukaribia Minjila nilikuwa nimewapita wote isipokuwa Lavender na msichana mmoja wa Hola, Bishara. Hapo ng'ombe wakaingia barabarani. Wenzangu walichomoa viatu wakasimama. Mimi nikavuta, nikavuta, wapi! Nikaanguka kwa ubavu kama gunia, baiskeli juu yangu, miguu imebanwa bado, na watu wa vibandani wote wanatazama.

Ng'ombe walipopita, Bishara aliondoka. Lavender alirudi kwangu.

"Dada, usivute juu. Sukuma kisigino nje," akaniambia, huku amenishika kiatu mpaka kikaachia.

"Nenda, unapitwa!"

"Nikuache hapa umelala barabarani?"

Bishara akashinda. Lavender alikimbiza akawa wa tatu, mimi wa mwisho. Lakini jioni watu walikuja nyumbani kumsifu nani? Lavender. Moyo wake, malezi yake. Kesho yake mchungaji akamtaja kanisani. Yaani kaka, hata kuanguka kwangu kumekuwa sifa yake!

Baada ya ibada aliniletea zile pedali, amezifungua mwenyewe, na viatu vyake juu. "Chukua wewe, dada." Viatu havikuniingia, na vyangu havishiki pedali zake. Nikamrudishia. Nilimchukia kwa kunipa, na nikamchukia zaidi kwa kuwa hakuwa akiringa. Akachukua alenki, ile spana ndogo iliyopinda, akailegeza springi yangu, akanisimamisha ukutani na baiskeli yangu: ncha ya kiatu kwanza, kisha kanyaga. Sasa zinaingia, ila bado lazima nitazame chini.

Basi nakuomba, hapo dukani unichagulie pedali za pande mbili na viatu vyake, springi iwe ya kulegezwa, na chuma kiwe kile kinachoachia hata mguu ukichomolewa vibaya. Ziwe wazi katikati ili tope lipite. Unalijua tope letu jeusi mvua ikinyesha. Navaa viatu namba arobaini. Zisizishinde za Lavender, wala zisipungue. Nikimpita, nataka nimpite kwa miguu.

Hawe, bibi yetu, anakusalimu sana, anauliza utaoa lini. Shangazi Dama na watoto wake pia wanakusalimu. Nisalimie Kombe na wenzenu mnaokaa nao. Mungu akutunze huko ugenini, akurudishe kwetu ukiwa na nguvu zako.

Jambo moja tu, kaka, la mimi na wewe. Mbio nyingine ni Desemba. Nikifanya mazoezi peke yangu huwa najiuliza: siku hiyo akianguka yeye, na mimi niko mbele, nitageuka? Natamani nikuambie ndiyo. Niombee.

Dada yako akupendaye,
Kanze