Nilimwambia Shemeji Akapimwe Masikio

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijabadili mawazo nikaichana barua hii, na naomba usitaje jina langu wala la mtaa wangu, maana hapa mtaani mimi ndiye fundi wa redio, spika na amplifaya kwa miaka thelathini na moja sasa, na watu wananiita Sikio, si kwa utani bali kwa heshima, kwamba huyu bwana akiinamisha kichwa tu anakuambia waya gani umelegea.

Mambo yalianza pale mdogo wangu alipochoka kuhangaika na kaseti na diski akaniambia, "Kaka, nataka nyimbo zangu zote ziwe kwenye laptop moja, niiunganishe na amplifaya pale sebuleni, nikae nisikilize kama mtu mzima. Wewe ndiye mwenye sikio, nichagulie." Kichwa kikanivimba, tukaenda dukani, nikaomba laptop nne zipangwe mezani, nikavaa hedifoni, nikafumba macho, muuzaji akawanyamazisha wateja wengine kwa ajili yangu, nami nikawa nasikiliza moja baada ya nyingine huku natikisa kichwa kama daktari aliyeuona ugonjwa, mpaka nikachagua moja nyembamba ambayo feni yake haina kelele, na muuzaji alipotushauri tuchukue pia kile kisanduku cha kusafisha sauti kinachochomekwa kati ya laptop na amplifaya, nikamwambia awawekee wasiojua kusikiliza.

Siku ya kuifunga sebuleni alikuwepo mdogo wangu, mkewe ambaye ndiye shemeji yangu, mama mzazi wa shemeji aliyekuja kuwatembelea, na watu wawili wanaofanya kazi na mdogo wangu. Nikachomeka chaja ukutani, nikaunganisha waya, nikaweka wimbo. Shemeji, ambaye kazi yake ni kupokea simu hospitalini kuanzia asubuhi mpaka jioni, akasema kwa adabu zote, "Shemeji, samahani, mbona kama kuna kitu kinalia? Chembamba, kama mbu. Hata wimbo ukiisha kinabaki." Mgeni mmoja akaanza kuitikia, nikamtazama, akarudi kwenye chai yake. Na mimi, mshauri, badala ya kuinuka nikaangalia waya zangu, nilimjibu hivi mbele ya watu wote: "Shemeji, masikio yako yamechoshwa na simu za watu. Hapa hakuna kinacholia. Mtu akisikia mlio mahali pasipo na mlio, aende akapimwe."

Walicheka, mdogo wangu alicheka kuliko wote, shemeji akatabasamu tabasamu la mtu anayetafuta pa kuweka uso, na mama yake hakucheka, alinitazama tu mpaka nikajifanya natafuta bisibisi.

Toka siku hiyo kila shemeji akisema kinalia, mdogo wangu anamjibu, "Kaka alishasema," na mjadala umefungwa, na baada ya kama mwezi mdogo wangu akanipigia simu anacheka mpaka anakohoa, kwamba mke wake kweli alikwenda kupimwa, hukohuko hospitalini kwao, akaingia kwenye kile chumba kidogo akavalishwa hedifoni, akarudi nyumbani na karatasi inayosema masikio yote mawili ni mazima, akamwekea mumewe juu ya laptop, na bado anasema inalia. Alianza kujitilia shaka mwenyewe, mshauri, mtu mzima mwenye akili zake, kwa sababu yangu. Nami siku hiyo kwenye simu nilicheka pamoja na mdogo wangu.

Sasa sikia kilichonipata wiki tatu zilizopita. Mwenye saluni aliniletea spika zake, nikawa napima zile twita, yaani spika ndogo zinazotoa sauti za juu, nikawasha mashine ya kupimia, nikapandisha sauti, sikusikia kitu, nikapandisha tena, kimya, nikashika kalamu niandike kwamba zimekufa, mara fundi viatu wa chumba cha pili akaingia amevaa kiatu cha mteja mkononi akasema, "Wewe bwana, zima hicho kitu, unatutoboa masikio." Nikatazama kipimo, nikaona mshale unacheza. Nikamwomba asimame pale mlangoni ainue mkono kila anaposikia sauti, nikaanza chini nikapanda taratibu, na mahali nilipoacha kusikia mimi, mkono wake ulibaki juu, ukabaki juu muda mrefu sana. Akaniuliza, "Kwani wewe husikii?" Nikamwambia nilikuwa namjaribu yeye. Alipoondoka nilikaa kwenye kiti cha wateja nikiwafikiria watu wawili niliowaambia mwaka huu kwamba twita zao zimekufa nikawafungia nyingine.

Hapo ndipo nilipomkumbuka shemeji na mbu wake, na nikajua mara moja ni chaja, kwa sababu chaja ya laptop kuingiza mlio mwembamba kwenye amplifaya ni jambo ambalo mwanafunzi wa wiki ya kwanza analijua, unachomoa chaja, laptop inabaki na betri yake, mlio unakatika, umeshamjua mchawi wako, ni kazi ya kupepesa jicho, na mimi sikuifanya kwa sababu sikusikia chochote na sikudhani kwamba duniani kuna mtu anaweza kusikia kitu ambacho mimi sikisikii.

Jumapili hii nimeitwa. Mdogo wangu anasema mkewe amechoka kuhamia jikoni kila muziki ukiwashwa, mama mkwe wake atakuwepo tena, kwa hiyo nije nimalize ubishi. Kile kisanduku nilichokikataa dukani nimeshakinunua kimya kimya, kipo kwenye begi langu, na wazo langu lilikuwa nikifunge, niseme nimeboresha kidogo, mlio uondoke, kila mtu afurahi. Lakini moyo unakataa. Na nikisema ukweli, nani ataniletea hata redio ya mkononi? Fundi wa sauti asiyesikia ni kichekesho cha mtaa mzima. Sijamwambia mtu yeyote, hata mke wangu, ambaye naye siku hizi kaanzisha tabia ya kunong'ona, mara ngapi nimemgombeza aongee kama watu. Mshauri, naona aibu hata kujitazama kwenye kioo ninaponyoa ndevu. Nifunge kisanduku ninyamaze, au nifanyeje?

Sikio

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, pole. Nakupa pole moja, ya masikio, kwa sababu hiyo hukuitafuta. Miaka thelathini na moja mbele ya spika humwachia mtu alama. Hayo mengine yote uliyatafuta kwa mdomo wako, na sikupi pole hata nusu.

Tuanze na begi lako. Unasema ukifunga kisanduku kila mtu atafurahi. Hebu fikiri kama fundi. Mlio utakatika, mdogo wako atakaa kwenye kochi lake, atamgeukia mkewe na kusema, "Si unaona? Hakuna kinacholia." Na kweli hakutakuwa na kinacholia. Ushahidi pekee aliobaki nao shemeji yako utakuwa umeuondoa wewe, kwa mkono wako, ukapewa na chai juu yake. Atakufa akijulikana kama mwanamke aliyesikia mbu wa uongo. Mara ya kwanza ulimkosea kwa kutojua. Hii ya pili utakuwa unajua, na ndiyo maana moyo unakataa. Huo moyo wako una akili kuliko wewe, usikilize.

Nimekusoma mara mbili, na kuna mahali umepita mbio. Mkeo hanong'oni, Fundi. Masikio yanapochoka, sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kupotea, na maneno ya binadamu yamejaa sauti nyembamba. Mkeo anaongea vilevile kama alivyokuwa akiongea mwaka juzi. Wanawake wawili umewagombeza kwa kosa moja, na kosa lenyewe ni la kwako. Yeye ndiye wa kwanza kuambiwa. Leo, ukimaliza kusoma gazeti hili, kabla hujavua viatu. Umwombe radhi pia, na usitegemee akujibu kwa upole.

Kesho asubuhi uende ukapimwe. Usiniambie una kazi. Ulimtuma mwenzio akaenda, akakaa kwenye kile chumba kidogo peke yake akijiuliza kama ana wazimu. Na wewe kakae humo humo. Huenda wakakusaidia, huenda wakakupa kifaa cha kuvaa. Ukipewa, kivae, usikifiche kwenye droo ya bisibisi.

Kuhusu kazi yako, acha kujililia mapema. Mikono yako ni mizima, macho yako yanauona mshale wa kipimo, na miaka thelathini na moja haijamwagika popote. Sauti za juu tafuta mtu wa kukusikilizia na umwambie mteja wazi kwamba ndivyo unavyofanya. Wale wawili uliowafungia twita wasizozihitaji wapigie simu, kila mmoja peke yake, mrekebishe. Wapo watakaokuhama, siwezi kukudanganya. Lakini fundi viatu ameshajua, Fundi. Unadhani aliamini kwamba ulikuwa unamjaribu? Habari hii itatembea tu, na ni heri itembee ikiwa imetoka kwako.

Sasa Jumapili. Fika mama mkwe wa mdogo wako akiwa ameshaketi. Usisubiri chai. Washa laptop, chaja ikiwa ukutani, bila wimbo wowote, kisha mgeukie shemeji umuulize, "Kinalia?" Atakuangalia kwa mashaka, ana haki. Akijibu, chomoa chaja umuulize, "Na sasa?" Akishajibu hilo la pili, sema hivi na usiongeze chumvi: "Shemeji, ulisikia. Mimi sikusikia, masikio yangu yamepungua. Nilikufanya kichekesho mbele ya mama yako na mbele ya wageni, na nilicheka tena ulipokwenda kupimwa. Nimekukosea, naomba unisamehe." Usiseme "lakini". Usitaje miaka yako ya kazi. Usieleze chaja inafanyaje kazi, hakuna aliyekuuliza. Mama yake naye umwombe radhi, kwa jina analoitwa na heshima anayostahili. Wale wageni wawili wa siku ile, mdogo wako anazo namba zao.

Mdogo wako atataka kuligeuza utani, maana watu wa aina yake wakiona aibu hucheka. Mkatize pale pale. Wewe ndiye uliyemfundisha kumcheka mkewe, na kumfundisha kuacha ni juu yako.

Kisanduku kibaki kwenye begi mpaka yote hayo yaishe. Hapo ndipo umuulize shemeji, si mdogo wako, kama anataka ukifunge, au anataka laptop iondoke kabisa sebuleni kwake. Akisema iondoke, ibebe mwenyewe.