Nimemvunja Masanja Vidole kwa Ajili ya Kompyuta

Igoma, Jumanne, Novemba 1998. Mvua tangu alfajiri, inapiga bati kama ina ugomvi nalo.

Leo nimemvunja mdogo wangu vidole.

Naanza na hilo nisije nikazungukazunguka. Vidole viwili vya mkono wa kulia. Nimempiga na mfuniko wa chuma wa kompyuta, na nilikuwa nimekusudia kichwa.

Hasira zangu Igoma nzima inazijua. Tangu nilipopunguzwa kazi kwenye chama cha ushirika nikafungua hiki kibanda cha kupiga chapa, nimeshamrushia mteja stepla, nimeshamzaba kofi mpiga debe. Watu walicheka, nami nikacheka nao. Leo hakuna aliyecheka.

Kompyuta yetu ina mifumo miwili. Wa zamani ni wangu, ule wa kioo cheusi na maandishi matupu. Mpya ni wa Masanja, wa picha na mausi. Aliuingiza Jumamosi, maana wateja siku hizi wanataka kadi za harusi zenye maua. Aliniahidi kwamba nikiwasha, mashine itaniuliza kwanza nataka upi, nami nichague.

Asubuhi nimewasha, haikuuliza kitu. Imeingia moja kwa moja kwenye ule mpya, kama mke mdogo aliyehamia na kutupa nje vyungu vya mke mkubwa. Nimezima na kuwasha mara tano, ni vilevile.

Na nyimbo za baba zimo kwenye ule wa zamani.

Baba alikuwa manju, mtunzi na mwimbishaji wa ngoma, akijaza viwanja kutoka hapa mpaka Magu. Mapafu yalipoanza kumwisha alikuwa anakaa humu kibandani na blanketi lake, ananiimbia mstari kwa mstari, nami napiga chapa. Tulimzika mwezi wa tatu. Sikuwahi kuzichapa kwenye karatasi, nilisema nizipange kwanza.

Nikafungua kasha la kompyuta nitazame ndani, sijui nilitegemea kuona nini. Nikachomoa waya na kuzirudisha, kisha nikaingiza disketi yangu ya siku nyingi na kuiamuru mashine mambo nisiyoyajua vizuri. Sasa hata ule mpya ukagoma. Kioo kikaandika kwamba hakuna mfumo wowote.

Hapo ndipo Masanja alipoingia, na chapati mbili kwenye gazeti.

"Dada, ngoja kwanza. Hazijafutika, ni kwamba..."

Sikungoja, nikanyanyua mfuniko wa lile kasha nikampiga. Alikinga uso kwa mkono, na nikasikia mfupa. Nikanyanyua mfuniko tena, nikampiga begani, nikanyanyua mara ya tatu. Mabula, fundi wa kuchomelea wa kibanda cha jirani, akanikamata kiuno kwa nyuma.

"Mama Neema, weka chini hicho chuma. Utaua mtoto wa mama yako."

Nikamng'ata Mabula mkono. Hilo nalo naliandika.

Masanja hakunitukana. Alikuwa anautazama tu mkono wake, mpaka Mabula akamtoa kumpeleka hospitali.

Nimebaki na mashine. Nimefuta damu kwenye kibodi kwa khanga yangu, nikaanza kupekua boksi la disketi. Chini kabisa nimekuta moja ya bluu ambayo siijui. Ina karatasi iliyobandikwa, mwandiko wa Masanja: DADA, MASHINE IKIGOMA KUWAKA ANZA NA HII. Chini yake tarehe ya Jumamosi, na neno moja la kuandika.

Nimeiingiza, nikaliandika lile neno. Mashine imekoroma kidogo, kisha ikaniuliza nataka mfumo upi, ikakaa kuningoja.

Nyimbo zote zipo. Hata ule baba aliouacha katikati, nikaandika "anakohoa" nikidhani ataumalizia.

Hasira hasara. Maneno hayo nimewapigia watu chapa kwenye kalenda, na kuyapamba kwa nyota.

Nilipaswa kufurahi. Lakini nakiri kuna dakika nilitamani nyimbo zingekuwa zimefutika kweli, ili nipate cha kujitetea. Masanja aliwaza juu yangu kabla hajaigusa mashine. Akaniandikia kwa mkono uleule niliouvunja.

Jioni Mabula amerudi, amejifunga kitambaa pale nilipomng'ata. Sikuweza kumtazama. Amesema Masanja amefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko, yuko kwa shangazi Mkolani, na ameagiza nisimfuate.

Halafu akasema Masanja ameuliza kama nyimbo zimepatikana.

Kesho nakwenda Mkolani. Akitaka kunipiga, sitakinga uso.