Chuma cha Kushoto cha Baba

Alhamisi. Baridi ya Julai, mawingu yamekaa juu ya Makongeni tangu asubuhi, na mimi nimekasirika. Heri niandike hapa kabla sijamtusi mtu.

Leo nilimpeleka Baba kliniki kuangaliwa vyuma vyake. Ni viwili, vilipandwa kwenye mfupa wa taya ya chini mwaka juzi, na meno yake ya bandia hushika juu yake, tap, kama vifungo vya koti. Tangu avipate, Baba anakula nyama choma bila kukatiwa, na Jumapili anasoma neno kanisani bila meno kumchezea mdomoni. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa uji na hasira.

Daktari, dada mpole, alituonyesha picha mbili, ya mwaka jana na ya leo. Chuma cha kulia kiko sawa. Kile cha kushoto, mfupa umeshuka, mpaka mistari ya skrubu ya hicho chuma inaonekana. Fizi nayo ikiguswa tu inatoa damu.

"Mfupa ulioisha haurudi hivi hivi," alisema. "Tukiuzuia hapo ulipofika, chuma kitabaki. Ukiendelea kushuka, kitang'oka."

Kitang'oka!

Na kikitoka, meno yatashikwa na nini? Turudi kwa uji?

Nikawaka. Nikamwambia daktari kwamba basi waliweka chuma kibovu, kwa sababu Baba anapiga mswaki kuliko mtu yeyote kwa ploti yetu. Na ni kweli. Namwona kila siku pale mferejini, kwenye bomba la maji, anasugua mpaka majirani wanamtania kwamba anajiandaa kuoa tena.

Daktari akampa Baba mswaki. "Mzee, hebu nionyeshe vile unafanya."

Baba akasugua meno ya juu, ambayo bado ni yake. Akatoa yale ya chini, akayasugua mkononi pande zote, kwa utaratibu wa mtu aliyefanya kazi reli maisha yake yote. Akasukutua, akayarudisha, akatabasamu.

"Na vyuma?"

"Vyuma vimefanya nini?"

Wueh.

"Hivyo si ni vyako, Daktari?" Baba akasema. "Yangu ni haya natoa."

Unajua, Baba aling'olewa meno sita ya mbele ya chini akiwa kijana, kule nyumbani, vile wavulana wa Kiluo wa rika lake walifanywa wanaume. Tangu siku hiyo, pale mbele hapakuwa na kitu cha kusugua; ya nyuma yalimtoka uzeeni. Mkono wake umezoea kupita hapo bila kusimama. Vyuma vilipandwa palepale kwenye pengo, na hakuna aliyekumbuka kuuambia mkono usimame. Si daktari, si mimi.

Sasa nimkasirikie nani? Nimewakasirikia wote. Nilimfokea Baba pale nje ya kliniki, ati mtu mzima anaosha sahani na kuacha sufuria. Tukarudi nyumbani.

Naudhika mpaka sasa. Mfupa umeliwa na uchafu pole pole mbele ya macho yetu, kila asubuhi, huku tukimsifu kwa usafi.

Jioni nikamfuata mferejini na kile kibrashi kidogo cha kusugua vyuma tulichopewa kliniki. Akakataa kufungua mdomo. Mzee hafunui ufizi mbele ya binti yake, aliniambia, tena binti aliyepewa jina la mama mzazi wa huyo mzee. Nikasema sawa, lakini siondoki.

"Basi geuka, Mama." Huniita hivyo kwa sababu ya hilo jina.

Nikageuka. Nikatazama kamba ya nguo ya jirani na kusikiliza. Brashi ikaanza, ikakwaruza chuma, ikasita. Akatema mate.

"Kuna damu," alisema.

"Daktari alisema itatoka. Endelea tu, Baba."

Akasukutua. Halafu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Yale sita walining'oa na sikulia. Watu wote walikuwa wananitazama, na sikulia. Lakini hiki kimoja, Mama, kikienda nitalia."

Hasira yote ikaniisha. Sikugeuka. Nilisimama hapo mpaka nikasikia brashi imeanza tena, upande wa kushoto.

Kesho asubuhi nitakuwa palepale mferejini, nimempa mgongo.