Dada, Sentensi Yangu Imekiua Chama Chako

Mpendwa dada,

Wamekuja Kigoma. Nianze na hilo, kwa sababu ndilo ulilolipigania miaka yote uliyokuwa katibu wa Chama cha Wanabiofizikia, na kila mwaka wakakujibu kwamba Kigoma ni mbali. Mbali na wapi, ulikuwa unawauliza. Mwaka huu, wa pili tangu tukuzike, wamekuja. Wanachama walio hai wote, ishirini kamili, hakuna aliyetuma udhuru. Walikaa katika ukumbi wa shule pale Ujiji wakataka kufungua mkutano mkuu, na haukufunguka. Nitakueleza kwa nini, maana kosa ni langu.

Unakumbuka lile beseni la bluu uani kwetu Buzebazeba? Ulikuwa likizo, udaktari wako wa falsafa bado mbichi, na badala ya kupumzika uliondoka asubuhi kwenda Kibirizi kuwapokea wavuvi wakirudi. Uliomba dagaa walio hai, wengi wakafia njiani, waliobaki ukawatia kwenye beseni na kulifunika kwa kitambaa cheusi. Ukawa unawamulika, mara kwa karabai ya marehemu baba, mara kwa hizi taa nyeupe za betri, ukiandika wanaifuata ipi na wanaikimbia ipi. Hiyo ndiyo biofizikia, ulinieleza: fizikia ya vitu vyenye uhai, mwanga unavyoingia jichoni, umeme unavyousukuma moyo. Mama alipita na sufuria ya mawese akasimama.

"Wenzako wanawakaanga, wewe unawasomesha."

"Mama, hawa wako darasa la kwanza," ulijibu bila kuinua kichwa. "Usiwatishe."

Kule mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, wanawake waanika dagaa walikuita Daktari wa Macho. Mama Zaina aliwahi kunyanyua dagaa mmoja kwa mkia akakupigia kelele, "Dokta! Wangu huyu haoni vizuri, mpimie miwani!" Ufukwe mzima ulicheka, na wewe ukacheka kuliko wote. Kisha ukakaa naye mchangani ukamuuliza samaki wa siku hizi wana ukubwa gani, tangu taa za kuvulia zibadilike. Hakuna mtu wa ofisini aliyewahi kumuuliza Mama Zaina swali akasubiri jibu. Niliona hilo kwa macho yangu na sijalisahau.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kugombana na dunia magazetini. Wewe ulinipa kazi ndogo: kusahihisha Kiswahili cha jarida la chama. Nani amemaliza shahada, mashine ya nani imekwama bandarini, warsha ya walimu wa sekondari kuhusu kutengeneza hadubini kwa simu na tone la maji. Nilikudhihaki. Nilisema nchi inaoza na ninyi mnatangaziana habari za tone la maji. Ulinitazama kwa huruma, ukasema, "Wewe unaandika ili mtu aache. Sisi tunaandika ili mtu aendelee." Nilichukua kalamu nikaanza kusahihisha bila ubishi, jambo ambalo wahariri wangu wote watakuambia si kawaida yangu.

Sasa nifike kwenye kifungu cha katiba nilichokosea.

Mwanachama wa kwanza kufariki alikuwa yule mzee aliyewafundisha ninyi nyote. Hata arobaini haijafika, chuo kilikuwa kimeng'oa kibao chenye jina lake mlangoni. Ulikuja nyumbani umefura kwa hasira. Katiba ya chama ilikuwa inaandikwa upya, ukaniwekea rasimu mezani, pembeni ya ugali wa muhogo, ukasema, "Niandikie kitu hapa. Kwetu hafutwi mtu." Nikaandika, na nilijipenda sana nilipoandika: *Jina la mwanachama halitaondolewa daftarini kwa sababu ya kifo; litaondolewa tu kwa barua yake mwenyewe yenye sahihi yake.* Uliisoma kwa sauti mara mbili. Ukafuta chozi. Hakuna makala yangu hata moja iliyowahi kupokelewa hivyo.

Kurasa tatu mbele, katiba hiyo hiyo inasema mkutano mkuu utakuwa halali wakihudhuria theluthi mbili ya majina yaliyomo daftarini. Wanafizikia watupu, dada, watu wanaopima mwendo wa chembe isiyoonekana, na mimi niliyesoma vitabu hadi macho yakaniuma, hakuna aliyeviweka vifungu hivyo viwili pamoja. Tulikuwa vijana. Hatukuwahesabu marehemu kwa sababu hatukuwa nao.

Leo daftari lina majina thelathini na moja. Kumi na moja ni yenu mliotangulia. Akidi ni watu ishirini na mmoja, na duniani wamebaki ishirini. Waombaji wapya walikaa viti vya nyuma na vyeti vyao mapajani, lakini mwanachama mpya hupokelewa na mkutano halali. Kubadili kifungu kunataka mkutano halali. Na miaka miwili mfululizo akidi ilikuwa haijatimia, kwa hiyo msajili wa vyama alikwisha kuandika: mwaka huu ndio wa mwisho, la sivyo chama kinafutwa.

Walipiga hesabu upya kwenye ubao. Mmoja akasema kwa unyonge, "Theluthi mbili ni ishirini na nukta sita. Tuseme ishirini."

"Hiyo nukta sita ni mtu gani?" akauliza yule profesa wenu mwenye kikohozi. "Mleteni tumwone."

Walicheka kidogo, kisha hawakucheka tena.

Nilifanya ninachokijua. Nilimpigia simu ofisa wa msajili, nikiwa nimeshaandaa matusi ya heshima ya kutosha ukurasa mzima. Kijana ana adabu, kanisikiliza hadi mwisho.

"Mzee wangu, mimi nafuata kifungu tu."

"Kifungu cha nani hicho kinachoua chama cha watu?"

"Chenu, mzee. Kimeandikwa vizuri sana, hakina pa kupenyea."

Nikakata simu.

Ndipo Dokta Rehema, mwenyekiti wao, yule mwanafunzi wako uliyemlaza kwetu likizo nzima, akanivuta barazani. "Kaka," akasema, "likitoka jina moja yanabaki thelathini. Akidi inakuwa ishirini. Tupo ishirini." Akachungulia ukumbini. Kisha: "Sahihi ya dada unaijua."

Nilimwelewa. Barua ya kujiuzulu, ya tarehe ya nyuma, kwa mkono wako. Mstari mmoja. Chama kinapona, waombaji wanaingia, utafiti wa taa na dagaa unaendelea kwa jina la chama, kifungu kinarekebishwa jioni hiyo hiyo. Dada, mimi nimewaandama watu hadi wakafukuzwa kazi kwa karatasi za namna hiyo. Nilisema tarehe ya uongo ni uongo hata ikiwa kwa nia njema. Niliyasema hayo wakati hakukuwa na kitu changu mezani.

Alinipa karatasi na kalamu. Nikaandika: *Mimi, Yustina, ninaomba jina langu liondolewe.* Sahihi yako ninaiweza, ule mkia mrefu wa herufi ya mwisho nimeuiga tangu shule, nilikuwa najisainia ripoti zangu kwayo. Mkono haukwenda. Si uadilifu, usinisifu. Ni kwamba nilisikia ukisema kwetu hafutwi mtu, na mfutaji alikuwa mimi. Nilikaa na kalamu hewani mpaka profesa akatokea mlangoni, akaitazama karatasi, akasema, "Mwache, Rehema. Hawezi." Rehema akaichukua, akaichana vipande vidogo, akarudi ndani kuwatangazia kwamba mkutano haupo.

Hawakuondoka. Walisomeana kazi walizokuja nazo, mmoja mmoja, bila muhtasari, bila kura. Waombaji walinakili kila kitu. Kesho yake walikwenda Kibirizi, na Mama Zaina akawauliza kwa nini hawakuja na wewe. Rehema akakaa naye mchangani akamweleza. Wiki iliyopita ilitoka barua ya msajili. Chama hakipo tena, na Rehema amenituma niandike jarida la mwisho. Nimelianza mara nyingi. Najua kumwandikia waziri, mkurugenzi, hakimu. Hapa sina wa kumwandikia. Kila nikimtafuta aliyekosa nakuta mwandiko wangu.

Huenda ungenikaripia kwamba nimeua chama kizima kwa ajili ya jina. Huenda ungenishukuru. Sijui, na hilo ndilo linalonikosesha amani kuliko barua ya msajili. Barua niliyotakiwa kuandika kwa jina lako ilikuwa na mstari mmoja na ingeokoa kila kitu. Hii ni ndefu, nimeiandika kwa jina langu, na haiokoi chochote.

Pumzika, dada. Wasalimie hao kumi mlio pamoja.

Mimi mdogo wako, uliyemwamini ukampa kalamu.