Mpigaji Asiyepiga

Kaloleni, Voi
1 Juni 2024

…na Dishon hakuogopa, Baba, hata kidogo! Ungengoja nusu saa tu ungeona mwisho wa mechi. Lo, nimeanza na ugomvi kabla ya salamu. Shikamoo. Mama hajambo? Goti lake je? Sisi wazima, na nina furaha hadi naona haya. Wiki sita za ndoa, na bado nikisikia Dishon akifungua geti nakimbilia kioo.

Besiboli ni kama ile raunda tuliyocheza shuleni. Mrushaji akitupa mipira minne mibaya, ya kupita pembeni, na mpigaji asiiguse, mpigaji anapewa kituo cha kwanza bure. Kazi ya Dishon ni kufika kituo, na hakuna anayefika mara nyingi kama yeye. Ndiyo maana kocha humtanguliza.

Usiseme tena nisimlete nyumbani. Nakuomba.

Binti yako,
Wakesho

Ronge
9 Juni

Binti yangu,

Marahaba. Goti la mama yako ni lile lile.

Niliona kwa macho yangu. Alisimama na gongo begani kama mgeni aliyepotea nyumba. Mpira unapita, yeye anautazama. Jirani yetu Sylus akaniuliza mbele ya watu, "Mzee Donald, mkweo ni mgonjwa?" Nikaondoka. Mwanamume akishika gongo, apige.

Asije kwanza. Tumbili wanamaliza mahindi. Nawarushia mawe kutwa, bega linauma, nao wanakaa tu kunitazama.

Baba yako

Kaloleni
22 Juni

Baba mpenzi,

Shikamoo. Pole na bega. Nilimsomea Dishon barua yako. Pale pa mgeni aliyepotea alicheka hadi chai ikamwagika kwenye shati nililolipiga pasi kwa mapenzi yangu yote!

Kisha akauliza, "Mzee huwarushia tumbili mawe wakiwa wapi?"

Nikamwambia, "Popote anapowaona."

"Basi wameshajua mkono wake unaishia wapi. Asirushe mpaka mmoja aje karibu kabisa. Lakini usimwambie ni mimi nimesema."

Mimi nimekwambia. Jumamosi uwanja mzima ulimpigia kelele, "Piga! Wewe ni sanamu?" Hakupiga. Alifika kituo mara tatu. Ningempenda hata asingefika, lakini alifika.

Binti yako,
Wakesho

Ronge
10 Julai

Binti yangu,

Marahaba. Tu wazima.

Nilikaa shambani siku mbili na jiwe moja mkononi. Wakapita mbali, nikawaacha. Mama yako akaniuliza kama mimi ni mgonjwa. Siku ya pili lile dume kubwa likaja hadi hatua kumi hivi kutoka nilipokaa. Nikarusha. Mara moja tu. Tangu Ijumaa hawajarudi.

Kumbe kutorusha kunachosha kuliko kurusha.

Sylus alikuja kuuliza nimetumia dawa gani. Nikamwambia ni ya mkwe wangu.

Zimebaki safu nne za mahindi mabichi. Mama yako anauliza kama Dishon hula ya kuchoma au ya kuchemsha.

Baba yako

Kaloleni
15 Julai

Baba,

Shikamoo, na shikamoo tena! Dishon amesoma "mkwe wangu" mara mbili, akaikunja barua, akaitia mfuko wa shati. Nimeiomba, hanipi.

Mwambie Mama ni ya kuchoma. Na umwambie Sylus awepo. Kabla mwezi huu haujaisha, tutakuwa mlangoni kwenu.

Wanao,
Wakesho na Dishon